Masikio Mawili ya Surf

Kwenye kioo cha mashine ziliandikwa namba mbili:
sifuri tatu mbili tano,
na chini yake sifuri tatu tatu sifuri.
Fundi Ndahani akafuta vumbi la Kizota kwa kidole gumba,
akasoma polepole, kama asomaye taarifa ya msiba.
"Masikio yamekufa. Yote mawili.
Mwambie mama alete laki nne."

Mama Mbukwa hakuwa na laki nne.
Alikuwa na Surf nyeupe, magunia sita ya karanga kutoka Mvumi,
na gari lililogoma kupanda Ntyuka:
linahema, linasita, linarudi namba mbili
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.
"Haliumwi," alisema. "Limekuwa na woga tu."

Nilikuwa chini ya Fuso namwaga oili.
Nikalisikia neno hilo, woga,
nikatoka, mgongo mweusi.

Kwa maana ndivyo ilivyo.
Katikati ya injini, bondeni, chini ya manifodi,
vimekaa vijidude viwili vinene kama vizibo vya chupa,
kazi yao kusikiliza.
Petroli ikilipuka kabla ya zamu yake,
pistoni ikapigwa utosini ingali njiani kupanda,
vyenyewe husikia ko, ko, ko,
huiambia kompyuta, nayo hurudisha cheche nyuma kidogo.
Lakini isipoambiwa neno lolote
kompyuta hufanya kama mama
ambaye mwanawe hapokei simu usiku:
huwaza mabaya yote,
hufunga milango yote.

Nikasema, "Fundi, masikio mawili hayafi usiku mmoja."
Akanitazama. Mwaka wangu wa pili pale,
na jina langu bado ni Wewe-lete-spana.
"Umesoma wapi hayo?"
Sikusoma popote. Nilihesabu tu.
Masikio mawili, soketi moja,
kipande kimoja cha waya kubeba maneno ya yote.
Pacha wakinyamaza pamoja, usiwagombeze pacha.
Kaikague njia.

Manifodi ni nusu siku.
Nati moja ilituponyoka, tukaitafuta kwa sumaku
mpaka adhana ya adhuhuri, Fundi akitukana kwa Kigogo,
mimi nikijifanya sielewi.

Tukainyanyua.
Kule bondeni, penye joto, palikuwa na kaya nzima:
maganda ya karanga, pumba za uwele,
nyuzi za gunia zimesokotwa kitanda.
Na waya umevuliwa koti, shaba imekatwa
kwa meno yasiyo na haraka.

Mama Mbukwa akachungulia.
"Karanga zangu," akasema.
Si waya. Karanga.
Akayahesabu maganda kwa macho, moja moja,
kama mtu anayejua deni lake liko kwa nani.

Nikaweka mita. Nikagonga bloku kwa mpini wa bisibisi,
hodi ndogo tu.
Sikio la kushoto: namba zikaruka.
La kulia: zikaruka.
Siku zote zile yalikuwa yanasikia,
yanasema, yanasema,
na maneno yanadondokea humo kwenye pumba
sentimita nne kutoka mdomoni.

Fundi Ndahani hakusema nimepatia.
Alivuta stuli, akaunga waya mwenyewe,
akachomea risasi, akauvika koti jipya.
Kisha akanirushia ufunguo.

Ntyuka, saa kumi na moja jioni,
upepo wa Julai unakwaruza macho.
Nikakanyaga. Namba tatu ikashika, ikabaki hapo hapo
mpaka juu. Taa ya njano haikuwaka.
Nilizima injini, nikakaa kidogo
bila sababu.

Mama alilipa elfu sitini na sado ya karanga.
Tulizitafuna pale pale gereji, na Fundi, na wa Fuso.
Maganda nikayaokota yote
mimi mwenyewe, mpaka ya chini ya benchi,
nikayachoma.